Ufa katika Giaboksi ya Pikapu



Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hii haihusu nyumba peke yake. Inahusu gari pia.

Tuseme wewe na wenzako mna pikapu kuukuu hapa Ipagala. Mnaitumia kubeba zabibu kutoka Hombolo hadi mjini Dodoma. Asubuhi moja unaona doa jeusi la oili chini ya gari. Unainama na kuchungulia. Kasha la giaboksi lina ufa mwembamba kama uzi.

Je, utafanya nini? Utaendelea na safari? Utauchomelea ufa huo? Au utanunua kasha jingine? Zabibu zikishakatwa hazingoji. Lakini ukifanya haraka bila kufikiri, unaweza kupoteza zabibu, giaboksi na fedha kwa pamoja.

Kazi ya kasha

Ndani ya giaboksi mna gia, yaani magurudumu ya meno. Gia hukaa juu ya shafti. Shafti huzunguka ndani ya beringi. Vyote hivi vimo ndani ya kasha.

Kasha lina kazi mbili. Kwanza, hutunza oili. Pili, hushikilia beringi ili shafti zikae sambamba. Kazi hii ya pili watu wengi huisahau. Kasha likipinda kidogo tu, meno ya gia hayaumani sawasawa. Gia hulia, huliwa, na mwisho huvunjika.

Oili ikivuja hadi kuisha, vyuma husagana vikavu na kupata moto. Gia zinaweza kukamatana ghafla gari likiwa mwendoni. Hapo magurudumu ya nyuma huzuiwa, na gari linaweza kupinduka. Basi ukiona ufa, usiendelee na safari.

Tafuta sababu kwanza

Kasha halipasuki bure. Ukiziba ufa bila kuondoa sababu, ufa utarudi. Chunguza mambo haya:

1. Je, gari limegonga jiwe au kisiki?
2. Je, bolti za giaboksi zimelegea?
3. Je, raba zinazoshikilia giaboksi zimekufa? Zikifa, giaboksi hurukaruka na kugonga.
4. Je, viungo vya propela shafti vimelegea? Vikilegea, gari hutetemeka kila wakati.
5. Je, mzigo ulizidi uwezo wa gari?
6. Je, kuna beringi au jino la gia lililovunjika? Kipande cha chuma kikinaswa kati ya gia, kinaweza kupasua kasha kutoka ndani.

Ukimwaga oili, ipitishe katika kitambaa safi. Vipande vya chuma vikionekana, ugonjwa uko ndani.

Jua kasha ni la madini gani

Makasha ya giaboksi husubiwa. Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina ndani ya kalibu. Baadhi ya makasha ni ya chuma cha kusubu. Mengine ni ya aluminiamu, madini yaleyale ya sufuria za jikoni. Giaboksi kuu ya Land Rover za zamani, kwa mfano, ina kasha la mchanganyiko wa aluminiamu.

Usibahatishe. Chukua sumaku kutoka spika ya redio iliyokufa. Iguse kwenye kasha. Ikinata, kasha ni la chuma. Isiponata, kwa kawaida ni la aluminiamu.

Tofauti hii ni kubwa. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 hivi. Chuma cha kusubu huyeyuka kwenye nyuzi 1,200 hivi. Tena, aluminiamu haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Fundi asiyeizoea husubiri iwe nyekundu, na ghafla kasha humwagika mbele yake kama uji.

Ufa uko wapi?

Ufa ulio kwenye ukuta mtupu wa kasha, mbali na beringi na bolti, mara nyingi hutengenezeka.

Ufa unaopita kwenye tundu la beringi ni jambo jingine. Moto wa kuchomelea hulipinda tundu hilo. Baada ya kuchomelea, ni lazima lichongwe upya kwa mashine na kupimwa. Kama huna fundi wa mashine hiyo, ni afadhali kununua kasha jingine, hata lililotumika. Kununua si kushindwa. Ni kupiga hesabu.

Hatua za kutengeneza

1. Toa giaboksi kwenye gari. Kwanza fungua waya za betri. Egemeza gari juu ya stendi au magogo imara. Usilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Giaboksi ni nzito, kwa hiyo usiishushe ukiwa peke yako.

2. Toa gia, shafti, beringi na sili zote. Kamwe usichomelee kasha likiwa ndani ya gari. Oili na petroli viko karibu, na moto hauna rafiki.

3. Safisha kasha kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji ya moto. Likaushe kabisa.

4. Tafuta mwisho wa ufa. Paka mafuta ya taa juu ya ufa, ngoja kidogo, kisha futa. Paka unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia katika ufa yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Mara nyingi utaona ufa ni mrefu kuliko ulivyodhani.

5. Toboa tundu dogo la milimita 3 hivi kwenye kila mwisho wa ufa. Tundu hili huuzuia ufa usiendelee kukimbia.

6. Chimba ufa kwa tupa au mashine ya kusaga, uwe kama mfereji. Ondoa mafuta ya taa na chaki yote. Kasha la zamani limenywa oili nyingi. Ukilipasha moto, oili itatoka. Lifute na kulisafisha tena.

7. Sasa mpe fundi wa kuchomelea. Kasha la aluminiamu linahitaji fimbo za aluminiamu na fundi aliyezoea kazi hiyo, hasa mwenye mashine ya gesi ya agoni. Fimbo za kawaida za chuma hazishiki aluminiamu. Kasha la chuma cha kusubu linahitaji fimbo za nikeli. Fundi achomelee kidogo kidogo, sentimita 2 au 3, agonge taratibu kwa nyundo, angoje lipoe, ndipo aendelee. Mwisho alifunike kwa majivu makavu ili lipoe polepole. Asimwage maji. Likipoa ghafla, litapasuka tena.

Je, gundi ya chuma inafaa? Inafaa kwa ufa mdogo unaovujisha oili tu, mahali pasipobeba uzito. Kwaruza kwa msasa, paka, na ungoje muda ulioandikwa kwenye pakiti. Gundi haifai karibu na beringi, wala kwenye masikio ya bolti.

Kujaribu

Kabla ya kufunga gia, ziba matundu ya chini na mimina mafuta ya taa ndani ya kasha. Ngoja saa chache. Nje kukibaki kukavu, kazi ni nzuri.

Weka gasketi na sili mpya, na oili ya aina na kipimo kinachotakiwa. Endesha kwanza bila mzigo. Simama, chungulia chini, sikiliza. Giaboksi ikilia kuliko zamani, usipakie kitu. Rudi kwa fundi.

Kama hujui pa kumpata fundi mwenye ujuzi, uliza katika ofisi ya SIDO au chuo cha VETA mjini Dodoma. Nenda na kasha mkononi. Waeleze ni la madini gani, ufa uko wapi na ulisababishwa na nini. Mtu anayejua mambo hayo matatu hadanganywi kwa urahisi.

Maswali

1. Kasha la giaboksi lina kazi gani mbili?
2. Utajuaje kama kasha ni la chuma au la aluminiamu?
3. Kwa nini hutobolewa tundu kwenye kila mwisho wa ufa?
4. Jadilianeni darasani: ni wakati gani inafaa kununua kasha jingine badala ya kutengeneza?