Seva ya ofisi yenu inachukua programu wapi?

Ukitaka programu mpya kwenye simu, unafungua Play Store, unaitafuta na kuipakua. Seva, yaani kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu za shule, zahanati au AMCOS, nayo ina mahali pake pa kuchukulia programu. Kama inaendeshwa na Linux ya kiofisi, mahali hapo ni ghala la programu. Kwa seva zenye CentOS 7, ghala hilo halipokei tena kitu kipya tangu 2024.

Kulitokea nini?

Kampuni ya Marekani, Red Hat, hutoza ada kwa Linux yake ya ofisi. Wengi wasiomudu ada walitumia CentOS, iliyotengenezwa kwa msimbo uleule na kutolewa bure. Desemba 8, 2020 ilitangazwa kwamba CentOS 8 itakoma mwisho wa 2021, wakati watumiaji walitarajia ifike 2029. CentOS 7 nayo ilifikia mwisho Juni 30, 2024, na anwani iliyokuwa ikielekeza seva kwenye maghala ikazimwa.

Seva ya namna hiyo bado inawaka na kufanya kazi, ndiyo maana wengi hawashtuki. Lakini fundi akitaka kuongeza programu, anaambiwa anwani haipatikani. Kubaya zaidi, marekebisho ya usalama hayaji tena. Majina ya wagonjwa au madeni ya wakulima wa tumbaku yanabaki nyuma ya mlango wenye kitasa kibovu.

Usiokote ghala lolote

Fundi aliyekwama anaweza kuchukua ghala asilolijua mtandaoni. Hapo ndipo pa kuwa makini. Kila kifurushi cha programu hubeba saini ya kidijitali ya aliyekitengeneza, na seva huikagua kabla ya kukipokea. Mnunuzi wa asali hapa Ipole anaelewa: ndoo ikifika lakiri imevunjwa, huwezi kujua kilichochanganywa ndani. Fundi akiandika gpgcheck=0 kwenye orodha ya maghala, amezima ukaguzi huo.

Maghala ya kuaminika

AlmaLinux na Rocky Linux zilianza kutolewa 2021 kuziba pengo la CentOS. Ni bure, na maghala yake yako wazi kwa wote. Toleo la 9 la kila moja litapata marekebisho ya usalama mpaka 2032. Programu za ziada zipo EPEL, ghala linalotunzwa na jumuiya ya Fedora. Vifurushi vya zamani vya CentOS vimehifadhiwa vault.centos.org, lakini hapo hakuna marekebisho mapya.

Seva yenyewe hutafuta nakala ya ghala iliyo karibu. Kwa Afrika Mashariki, mtandao wa vyuo wa Uganda, RENU, ni mmoja wa wanaotunza nakala za maghala ya Linux.

Bando likiwa dogo

Fundi anaweza kupakua faili kamili la usakinishaji (ISO) akiwa Tabora mjini, kwenye intaneti nzuri, akalibeba kwa flashi. Kompyuta zote za ofisi zitachukua programu humo bila kutumia bando. Afahamu tu kwamba marekebisho yanayotoka baadaye hayamo, hivyo atahitaji kuyafuata.

Muulize fundi wako

1. Seva yetu ina mfumo gani, toleo gani, na unakoma lini?
2. Inachukua programu kwenye maghala gani? Amri ya *dnf repolist*, au *yum repolist* kwa CentOS 7, itaonyesha.
3. Ukaguzi wa saini umewashwa?
4. Kabla ya kuhamia mfumo mpya, nakala ya kumbukumbu zetu iko wapi, na umejaribu kuifungua?

Swali la nne likikosa jibu, kazi isianze.