Kabla ya kununua diski mpya, pimeni njia zake kwanza

Mteja anasimama mbele ya gishe, Goma au Bukavu, na anaambiwa angojee kwa sababu mashine ziko nzito leo. Mara nyingine diski ndizo zinazoshutumiwa, tena bure.

Katika benki na hospitali kubwa, data nyingi hazikai ndani ya seva. Zinawekwa katika kabati la diski linalotumiwa na seva kadhaa kwa pamoja. Kila seva inaunganishwa na kabati hilo kwa kebo mbili au zaidi, ili moja ikikatika, kazi iendelee kupitia nyingine.

Lakini kebo inaweza kuwepo bila kutumika. Kebo ya faiba ya gigabiti 8 inapitisha karibu megabaiti 800 kwa sekunde. Seva yenye kebo mbili za namna hiyo ikipimwa na kukwama kwenye 800, huenda njia ya pili imelala. Hapo, kununua diski mpya ni kutupa pesa.

Hata njia zote zikiwa wazi, mpangilio una uzito wake. Katika programu ya VMware, mpango wa zamu hutuma maombi 1.000 kwa njia moja kabla ya kuhamia nyingine, ikiwa fundi hakubadilisha kitu. Watengenezaji kadhaa wa makabati hushauri kushusha hesabu hiyo hadi 1.

Ili kupima, mafundi wengi wa informatiki hutumia fio, programu ya bure iliyotungwa na Jens Axboe. Faili la kupimia linapaswa kuzidi kumbukumbu ya kabati, la sivyo inapimwa kumbukumbu, si diski. Maombi nayo yafanane na kazi halisi: vipande vidogo vya kilobaiti 8 kwa hesabu za wateja, vikubwa kwa nakala za usiku. Kisha kinabadilishwa kitu kimoja tu, na kupima tena. Hatari moja isisahauliwe: jaribio la kuandika moja kwa moja juu ya diski yenye data linaziharibu.

Kipimo cha mwisho ni kuchomoa kebo moja usiku, mzigo ukiwa juu na nakala za data zikiwa salama. Kazi ikisimama, ni afadhali ijulikane usiku huo kuliko siku ya mishahara, foleni ikiwa imefika barabarani.