Bei Ikisomwa

Kati ya Oktoba na Januari, ukimtaka mtu wa Nachingwea au Ruangwa, kusini mwa Tanzania, usimtafute nyumbani. Mtafute mnadani. Huo ni msimu wa korosho, na kijiji kinachopokea mnada siku hiyo hujaa tangu asubuhi: wakulima na karatasi zao za mizani mfukoni, viongozi wa vyama vya msingi, watu wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, mkuu wa wilaya au mwakilishi wake, askari wawili watatu, na mama lishe waliokwisha injika sufuria za wali kabla gari la kwanza la wageni halijaingia.

Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa huu. Wanunuzi waliandika bei zao, wakazitumbukiza sandukuni, sanduku likafunguliwa mbele ya umati, na bei zikasomwa moja moja kwa kipaza sauti pamoja na kilo ambazo kila mnunuzi anazitaka. Kisha likafuata jambo ambalo mgeni aliweza kulipita bila kulitilia maanani: mwenye kipaza sauti aliwageukia wakulima akawauliza, tuuze, tusiuze? Wakajibu kwa sauti. Wakigoma, mnada umevunjika. Oktoba 2018 wakulima wa kusini waligoma kweli, na mwezi uliofuata Rais John Magufuli akaamuru Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Waliolipwa mapema wanausimulia msimu ule kwa namna yao, na waliosubiri malipo wana yao. Siku hizi sanduku limepisha mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX, lakini mkulima bado hutaka kusikia bei kwa masikio yake, na hutaka kuulizwa.

Mimi naona uraia wa mtu wa huku umefunzwa na mnada kuliko na sanduku la kura. Uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji huja kila baada ya miaka 5; wa karibuni ulikuwa Novemba 2024. Mnada huja tena na tena ndani ya msimu mmoja. Pale ndipo mtu anapozoea kusimama mbele ya wakubwa, kukataa bila kutukana, na hasa kuuliza makato. Kila kilo inakatwa: ushuru wa halmashauri, fungu la chama cha msingi, la chama kikuu, gharama za ghala na usafiri. Mzee asiyejua kusoma anaweza kukutajia makato hayo kwa mpangilio, na akikosa moja atasimama: "Mheshimiwa, naomba nisomewe hapo tena, polepole." Atasomewa. Asiyetaka maswali hayo humuuzia mlanguzi wa kangomba, biashara ya nje ya mnada, kijioni, kwa fedha taslimu na kwa bei ya kuumiza. Serikali hupiga vita kangomba kila mwaka, na kila mwaka kuna mwenye mgonjwa au mwenye sherehe asiyeweza kusubiri benki.

Ujuzi huo wa mnadani huhamia kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa kila baada ya miezi mitatu. Nenda ukauone. Wazee wa kiume wamepewa viti vilivyokopwa shuleni, wanawake wamekaa upande wao juu ya mikeka, vijana wamesimama nyuma karibu na bodaboda zao ili waondoke mapema. Hakuna anayeanza hoja bila salamu. "Shikamooni wazee wangu, poleni na jua." Mtendaji wa kijiji, ambaye mara nyingi ni kijana wa kutoka mkoa mwingine, hujifunza haraka kwamba asiyesalimia hasikilizwi, hata akiwa na barua ya mkurugenzi mkononi.

Na kuna sauti ambayo haimo kwenye muhtasari. Wamwera, wenye asili ya sehemu kubwa ya wilaya hizi, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno zito juu ya watoto wa dada yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka baraza la ardhi la watu 7, wanawake wasiopungua 3. Baraza lipo na linafanya kazi. Lakini ugomvi wa mikorosho ya marehemu hauendi barazani kabla mjomba hajaitwa, na mjomba akisema "tumemaliza nyumbani", mara nyingi faili halifunguliwi. Wapo wanaolalamika kwamba njia hiyo huwabana wajane, hasa mwanamke aliyeolewa ugenini, na wana hoja.

Tazama sasa majengo. Ukipita barabara za wilaya hizi utaona kuta za tofali zilizofika kwenye renta, hazina paa, na majani yameota ndani. Hayo huitwa maboma. Wananchi hupandisha darasa au zahanati kwa nguvu zao mpaka renta, halafu Serikali huezeka na kuweka milango. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, mwalimu mkuu haruhusiwi kumtoza mzazi, kwa hiyo uamuzi wa kuchangia umerudi kwenye mkutano wa kijiji. Nani abebe mchanga, nani achote maji, nani atoe fedha badala ya siku zake: vyote huandikwa kwenye kaunta buku.

Daftari la namna hiyohiyo hukaa msibani na kwenye sherehe za unyago. Fulani, debe la unga. Fulani, shilingi elfu tano. Anayeliandika ni mtu mwenye hati nzuri na mdomo mzito. Ndiyo maana faini ya kutokwenda kwenye ujenzi wa zahanati haimtishi mtu sana kama kuulizwa, siku amefiwa, "Mbona hatukukuona kwenye tofali?" Ofisi ya kata haina adhabu ya ukali huo.

Wazee wana sababu ya kuchelewa kushangilia ahadi za wakubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walifika Nachingwea na matrekta kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kula huko kwao. Wakajenga mji, uwanja wa ndege, na reli ya kutoka pwani. Mwaka 1951 mradi ulikwisha futwa, na reli yenyewe iling'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru. Lililobaki ni mji, na majina kama Farm 17, shamba lililokuja kuwa kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa Frelimo. Ruangwa, iliyopata kuwa wilaya mwaka 1995, ilionja upande mwingine wa karata: mbunge wake kuanzia 2010 hadi 2025, Kassim Majaliwa, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015 hadi Novemba 2025. Timu yake ya Namungo ikapanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 na kufika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu uliofuata. Siku ya mechi pale Ruangwa utawaona diwani, muuza ubuyu na fundi cherehani wakimfokea mwamuzi mmoja. Miaka hiyo watu wa Nachingwea waliwatania majirani zao kwamba hata mvua yao inatoka ofisi ya Waziri Mkuu.

Jambo moja halijapatana kabisa na ofisi: jando na unyago. Baada ya mavuno fedha ipo, watoto wamekua, nyakanga na ngariba wanasubiriwa. Ngoma inataka kibali cha mtendaji, na mtendaji ameagizwa asikitoe nje ya likizo za Juni na Desemba, watoto wasikose masomo. Familia nyingi zimekubali tarehe hizo. Zile ambazo fedha yao huingia baada ya shule kufunguliwa huendelea kubembeleza, wakati mwingine kwa kuku.

Kwenye maji watu wamekuwa wakali zaidi. Kwingine ukali huo hutokea barabarani: nchini Ireland, serikali ilipoleta tozo ya maji, wananchi waliozoea kuyalipia kupitia kodi waliandamana mpaka tozo ikasimamishwa 2016. Huku siku hizi hakuna anayetegemea maji ya bure bombani. Mjini Nachingwea maji husambazwa na MANAWASA, mamlaka ya maji ya Masasi na Nachingwea. Vijijini, chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa 2019, vilula huendeshwa na jumuiya za watumia maji, na mwanamke hulipia ndoo papo hapo. Kwa hiyo maandamano hayapo, lakini maswali yapo kila siku kwenye foleni: fedha ya ndoo za jana ni kiasi gani, pampu imekula kiasi gani, na nani ana ufunguo. Katibu wa jumuiya anayechelewesha kusoma hesabu huanza kuitikiwa salamu kwa neno moja, hata na shemeji zake.