Mavazi ya Mtoto Mchanga Wakati wa Baridi

Kuanzia mwezi Juni hadi Agosti baridi hutawala katika nyanda za juu za Mkoa wa Njombe. Mchana jua huwaka na mtu mzima huweza kwenda shambani na shati jepesi. Jioni upepo huanza, na usiku joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za selsiasi. Upande wa Makete, hasa karibu na Kitulo, zipo asubuhi ambazo majani huamkia umande ulioganda. Baridi hii si ya theluji, na huenda ndiyo sababu wengi huichukulia kuwa jambo la kuvumilia tu. Mtoto aliyezaliwa wiki hii hana uwezo huo wa kuvumilia.

Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo, mtoto huhesabiwa kuwa amepoa na anahitaji kupashwa joto mara moja. Sababu za kupoa haraka ni za kimaumbile. Ngozi yake ni pana ukiilinganisha na uzito wake, kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili, na mafuta yaliyo chini ya ngozi ni machache. Tena hawezi kutetemeka kama mtu mzima ili apate joto. Badala yake mwili wake huunguza akiba ya mafuta maalumu yaliyo shingoni na mgongoni, na kazi hiyo hutumia sukari na oksijeni nyingi. Mtoto aliyepoa kwa hiyo hulegea, hunyonya kwa uvivu, na kwa kuwa hanyonyi hukosa nguvu ya kujipasha joto. Aliyezaliwa kabla ya wakati, au akiwa na uzito wa chini ya kilo 2.5, huishiwa akiba hiyo mapema zaidi.

Kipimo rahisi cha mavazi ni kumvika mtoto nguo moja au mbili zaidi ya zile anazohitaji mtu mzima aliyemo katika chumba hichohicho. Kwa usiku wa Julai, fulana ya pamba mwilini, juu yake nguo ya mikono mirefu, sweta, soksi na kofia, kisha shuka na blanketi jepesi, hutosha katika nyumba nyingi. Nguo nyembamba kadhaa ni bora kuliko moja nzito, kwa kuwa hewa inayokaa katikati yake ndiyo inayohifadhi joto, na ni rahisi kupunguza moja jua linapopanda. Kofia iwe ya kumtosha. Ikiwa kubwa huteremka usoni na kuziba pua. Nguo za mtumba hazina ubaya wowote, mradi zifuliwe, zikauke kabisa na zipigwe pasi. Soksi zigeuzwe na kukaguliwa ndani, kwani uzi uliofumuka huweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kukikaba bila mtu kujua.

Unyevu ni adui mkubwa kuliko upepo. Nepi iliyolowa, au kanga iliyoanikwa jioni na kuvalishwa kabla haijakauka sawasawa, humpokonya mtoto joto hata akiwa amefunikwa blanketi mbili juu. Kwa sababu hiyohiyo kuogesha si jambo la haraka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita tangu azaliwe. Baada ya hapo aogeshwe mchana, kwa maji ya vuguvugu, mbali na mlango, akaushwe kichwa kwanza na kuvikwa papo hapo.

Lipo pia kosa la upande wa pili. Kila mgeni anayekuja kumwona mzazi husema mtoto anasikia baridi, na kila bibi anayeingia huongeza kanga moja. Saa saba mchana mtoto anakuwa mwekundu, ana jasho shingoni, analia, na joto lake limepanda kana kwamba ana homa. Kumfunga miguu kwa kukaza hakumwongezei joto. Humzuia kuikunja na kuikunjua tu. Blanketi zito karibu na uso ni hatari usiku, mama anapokuwa amelala.

Ili kujua hali yake, mama amguse tumboni kwa mgongo wa mkono, kisha nyayo. Tumbo na nyayo vikiwa na joto, mtoto yu salama. Tumbo likiwa na joto na nyayo baridi, ameanza kupoa: aongezewe nguo na anyonyeshwe. Vyote viwili vikiwa baridi, hilo si suala la nguo tena. Mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, kofia na soksi tu, wafunikwe pamoja, anyonyeshwe na apelekwe kituoni bila kusubiri kupambazuke. Njia hii ya kifuani, inayojulikana kama kangaruu, ilianza kutumika Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa watoto njiti. Haihitaji umeme, na baba au shangazi anaweza kumpokea mama anapochoka.

Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba anamolala mzazi, hata kama limekolea na halitoi moshi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa ili kuzuia baridi hewa hiyo huweza kuua mama na mtoto wakiwa usingizini. Maji ya moto kwenye chupa nayo yamewaunguza watoto. Kama chupa itatumika, ipashe kitanda na iondolewe kabla mtoto hajalazwa.

Kwa safari ya kliniki, hasa ya bodaboda, mtoto abebwe kifuani ndani ya sweta au koti la mama, kitenge kikimshika shingo, na uso wake uonekane muda wote. Ni vyema kuondoka baada ya ukungu kuisha.

Mtoto asiyenyonya, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anayeshtukashtuka, mwenye homa, au aliye baridi hata baada ya kupashwa joto, afikishwe zahanati au kituo cha afya saa yoyote. Huduma kwa watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo vya Serikali hutolewa bila malipo kwa mujibu wa sera ya afya. Mama aje na kadi ya kliniki, na mtoto aendelee kukaa kifuani mpaka atakapopokelewa na mhudumu.