“Usinisubiri!”

*Nilijiunga na msafara wa baiskeli wa mume wangu, Mwenge hadi Bagamoyo. Nilidhani nitaumia miguu tu.*

Mpenzi msomaji, kama unaishi na mtu mwenye baiskeli ya resi, huna haja ya kunisimulia Jumamosi zako zilivyo. Saa 10:30 alfajiri simu inalia. Mwenzio ananyata gizani akidhani umelala, kumbe vile viatu vyake vinagonga vigae ko-ko-ko hadi jirani anajua. Anarudi saa 6 mchana uso una chumvi kama samaki wa kukaushwa, anamaliza sufuria la wali, anaangusha mwili kwenye kochi. Jumamosi imekwisha hiyo.

Mwaka mzima nililivumilia hilo. Halafu siku moja nikamwambia shosti wangu kazini, kwa utani tu, kwamba nimeolewa mke wa pili, mke mkubwa ana magurudumu mawili. Tulicheka. Lakini usiku ule nikiwa kitandani nikagundua kwamba sikuwa natania sana.

Basi nikaamua: kama huwezi kumtoa mke mwenza, mfahamu. Nikaazima baiskeli, nikajifunza gia, nikazunguka mitaa ya Mbezi kwa wiki sita. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kilomita 25, na nilijiona bingwa. Mwezi Februari kundi lao likapanga kwenda Bagamoyo, kilomita 50 na ushee, kila mtu anakaribishwa, mwepesi na mzito. Nikasema nimo.

Usiku wa kuamkia safari, mume wangu akaniuliza, “Kesho tunaendaje?” Nikamjibu haraka, “Wewe nenda na wenzako. Usinisubiri, mimi si mtoto.”

“Una uhakika?”

“Nina uhakika.”

“Haya.”

Wanawake wenzangu, “nina uhakika” ya namna hiyo mnaijua wenyewe.

Karibu, shemeji!

Mwenge, saa 12 kasorobo asubuhi, bado giza. Tulikuwa watu 22. Vijana wa benki wenye miguu iliyonyolewa, nesi aliyetoka zamu ya usiku moja kwa moja, fundi wa friji, wanafunzi wawili wa chuo, na mwalimu mstaafu mwenye mvi na baiskeli kongwe inayong’aa kuliko zote. Wote walinisalimia kwa jina moja: shemeji. Yaani sikuwa mwendesha baiskeli, nilikuwa mke wa fulani aliyekuja kutembea.

Kabla ya kuondoka kapteni alitupanga na kutoa masharti. Kofia ngumu kwa kila mtu. Tukae kushoto, kwenye msongamano tuwe mstari mmoja. Ukiona shimo, lionyeshe kwa mkono na upige kelele ili wa nyuma asilitumbukie. Hakuna kufunga breki ghafla. Kwenye mlima kila mtu apande kwa mwendo wake, kileleni tunangojana. Na nyuma kabisa kuna mfunga msafara, mtu mwenye nguvu ambaye hampiti yeyote. Akifika yeye, wote wamefika.

Nilisikiliza yote hayo kama mtu anayesikiliza maelezo ya usalama kwenye ndege. Laiti ningejua kwamba siku ile nzima ingekuja kugeuka juu ya hayo masharti.

Kujificha upepo

Hadi Tegeta nilikuwa nafurahia kama mtoto. Siri yake sikuijua hadi nesi aliponieleza: nilikuwa nimewekwa wa tatu, nyuma ya migongo miwili mipana. Ukiwa mwendo wa kasi kwenye tambarare, adui yako mkubwa si uzito wako, ni hewa. Wa mbele anaichana, wa nyuma yake anapita kwenye uwazi. Ukimkaribia vizuri unaweza kuokoa kama robo ya nguvu zako, pengine zaidi. Ndiyo maana wenye nguvu hupokezana kukaa mbele, na wageni hawaachwi mkiani. Mgeni akiwa mkiani pengo likifunguka hakuna wa kuliziba, na ukishatoka kwenye ule mwavuli wa upepo, kurudi ni shughuli.

Shida yangu ilianza Boko, kwenye vilima. Mmoja baada ya mwingine walinipita, na mume wangu akiwa miongoni mwao. Aligeuka, akanionyesha dole gumba, akapotea.

Nilifika Bunju wa mwisho, moyo uko kooni. Wenzangu walikuwa wamekunywa maji, wamecheka, wamepiga picha. Ile naweka mguu chini tu, kijana mmoja akasema, “Haya, kafika, twendeni!”

“Hapana!” alisema yule mwalimu mstaafu kutoka nyuma yangu. “Aliyefika mwisho ndiye anayetoa ruhusa ya kuondoka.”

Hebu fikiria jambo hilo, msomaji. Kundi lisipokuwa na sheria kama hiyo, wenye nguvu wanapumzika dakika kumi wakimsubiri mchovu, halafu akifika wanaondoka. Aliyechoka kuliko wote ndiye anapumzika kidogo kuliko wote! Na kila kituo anazidi kuzama, huku wote wakiamini kwamba wamemsubiri.

Nilikunywa maji, nikahema, nikasema, “Sasa twende.” Kapteni akatangaza kwamba kuanzia hapo wenye kasi wanaruhusiwa kutangulia hadi Bagamoyo. Sikumtazama mume wangu. Nilitaka aamue mwenyewe.

Akatangulia.

Zamu ya nani?

Baada ya Bunju barabara inateremka kwenye daraja la mto Mpiji, unapoiacha Dar es Salaam na kuingia Mkoa wa Pwani. Kila mteremko una deni, na deni la Mpiji unalilipa ukipanda kuelekea Mapinga. Jua lilikuwa limeshatoka, na kaskazi inatupiga kwa mbele upande wa kulia. Wauza mkaa walikuwa wanashuka kuelekea mjini na baiskeli zao za Phoenix, magunia mawili matatu nyuma, kandambili mguuni. Mmoja akanipungia mkono. Mimi na gia zangu zote nilishindwa hata kuinua kidole.

Pale ndipo nilipokatika. Si kuchoka, kukatika. Miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine, macho yanaona nyota, na machozi yananitoka bila sababu. Mwalimu akanisimamisha chini ya mwembe, akanipa ndizi mbili na maji yenye chumvi na sukari.

“Umekula nini tangu asubuhi?”

“Chai.”

“Chai si chakula, mwanangu. Kwenye baiskeli unakula kabla hujasikia njaa. Ukishaisikia, umechelewa.”

Nikamwomba radhi kwa kumchelewesha. Nikamwambia anaweza kwenda, mimi nitasubiri gari. Akacheka.

“Nikuache niende wapi? Hii ni kazi yangu leo. Kwa kweli ilikuwa zamu ya mumeo kufunga msafara. Juzi akaniomba tubadilishane.”

Ndizi ikanikwama kooni.

Mwalimu aliona uso wangu, akajua kwamba ameongea jambo. Hakujaribu kulifunika. Alisema tu, “Mimi nimestaafu, nina muda, lakini sikukaa nyuma kwa kukuonea huruma. Huruma inachoka mwanangu. Zamu haichoki.”

Kutoka pale nilimfuata gurudumu kwa gurudumu, Kerege, Zinga, Kiromo. Alinifundisha neno moja. Pengo likianza kufunguka nisijikaze kimya kimya hadi nikatike, niseme “taratibu.” Yeye wa mbele hana macho kisogoni, nisiposema atadhani mambo ni mazuri. Mara ya kwanza nilisema kwa aibu. Mara ya tano nililipiga kelele, na kila mara mgongo ule ulipunguza mwendo kidogo tu, bila kugeuka, bila maneno. Siwezi kukueleza raha yake.

Madafu mawili

Bagamoyo tuliingia saa 4 na nusu. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya barabara na dafu mkono huu na dafu mkono huu, anatabasamu. Nikampita.

Alinikuta ufukweni, karibu na soko la samaki. Nikamwuliza moja kwa moja kwa nini alitoa zamu yake.

Akanyamaza. Kisha akasema, “Nilijua zamu ni yangu. Ndiyo maana nilikuuliza tunaendaje, na wewe ukasema nisikusubiri. Nikaona nikikaa nyuma utadhani nakuchunga kama mtoto. Nikamwambia mwalimu tubaki kama tulivyobadilishana.”

“Lakini uliomba kabla hujaniuliza.”

Kimya. Mawimbi tu.

“Ndiyo,” alisema mwishowe. “Nilitaka na kukimbia pia. Wiki nzima kazini nabanwa, pale ndipo napumua. Nikaogopa kwamba ukija, na hapo napo patakuwa na ratiba.”

Sasa ningemlaumu nani? Yeye aliikimbia zamu yake, hilo ni kosa na alilikiri. Lakini mimi nilimwambia asinisubiri huku nikimhesabia kila mita asiponisubiri. Nilimpa mtihani bila kumwambia kwamba ni mtihani. Watu 22 ambao wengine hawajuani hata majina walisimama gizani pale Mwenge dakika tano, wakakubaliana nani anakaa wapi na nani anamngoja nani. Sisi wawili, miaka mitatu ya ndoa, hatujawahi kusimama hizo dakika tano.

Tulikula samaki na ugali bila haraka. Wakati wa kurudi ulipofika wageni tulipangiwa gari. Akaniuliza kama apakie baiskeli yake pia turudi wote. Nikamwambia, “Hapana, rudi na wenzako, upumue. Mimi nitakuwa nyumbani nimenyoosha miguu. Na safari hii namaanisha.”

Akanitazama sana. Akaona kwamba kweli namaanisha. Akaenda.

Hata mabingwa

Usidhani kusubiriana ni mambo ya sisi wanaoanza. Kuna mashindano ya Olimpiki ya timu ndani ya uwanja wa baiskeli, watu wanne kilomita 4. Muda wa timu hauchukuliwi kwa wa kwanza kuvuka mstari, unachukuliwa kwa wa tatu. Uwe na miguu ya duma, ukimwacha wa tatu umejikimbilia bure.

Au mchukue Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Kwenye Tour de France ya mwaka 2012, akipanda mlima wa La Toussuire, alichomoka akamwacha hata kiongozi wa timu yake mwenyewe, Bradley Wiggins. Agizo likaja redioni, akapunguza mwendo, akamngoja. Wiggins alishinda mashindano yale, Froome akawa wa pili. Mwaka uliofuata Froome akashinda yeye. Walimwengu wamebishana sana kama kulikuwa na haki, ila jambo moja liko wazi: kabla ya safari kila mmoja alijua zamu ni ya nani.

Kwa wawili mnaotaka kuanza

*Semeni kabla.* Tunakwenda pamoja njia nzima, au tunaachana na kukutana wapi? Jibu lolote ni sawa, mradi ni la kweli. Ukitaka kusubiriwa, sema nisubiri.

*Mgeni asikae mkiani.* Awe wa pili au wa tatu, nyuma ya mtu anayekwenda mwendo usiopandapanda.

*Mlima kila mtu na wake.* Usimsukume mwenzio kwa maneno akipanda. Ngoja juu, na akifika mpe naye mapumziko yake.

*Kula mapema.* Kitu kidogo kila baada ya nusu saa hivi: ndizi, tende, kipande cha chapati. Maji usiache.

*Beba tyubu, pampu na vyuma vya kutolea tairi,* na ujue kuvitumia. Pancha haichagui kapteni.

*Wekeni siku mbili.* Moja ya kwenda pamoja kwa mwendo wa mzito, nyingine mwepesi aende akakimbie na wenzake bila kununiwa.

Mwezi Machi tulikwenda tena. Usiku wake tulikaa mezani na kikombe cha chai tukapanga: hadi Mapinga yeye ni mfunga msafara, na ni zamu yake kweli, kutoka hapo anatangulia. Kwenye kilima cha Mpiji alikuwa ubavuni kwangu, kimya, anazungusha gia nyepesi. Pale Mapinga nikamwambia, “Haya nenda.” Akaenda kama mshale, nami nikafurahi kumwona anavyokwenda.

Siku hizi lile neno la mwalimu limehamia nyumbani. Tukizungumzia hela, au mambo ya mawifi, na mmoja akaanza kukimbia mbele ya mwenzie, utasikia, “Taratibu.” Na wa mbele hupunguza.

Halafu, kitu kimoja nusura nisahau. Tulipofika Bagamoyo mara ile ya pili, yule kijana wa “twendeni” alinigeukia na dafu mkononi. Hakuniita shemeji. Aliniuliza, “Kapteni, tunaondoka saa ngapi?”

Nilikuwa nimefika mwisho, si unakumbuka? Ruhusa ilikuwa yangu.