Kabla ya Kujaza Gesi ya AC, Tazama Feni Kwanza

Kaskazi ikishika, gereji za Mombasa hujaa madereva wenye lalamiko moja: AC haipozi. Wengi hupewa jibu moja pia: "Gesi imekwisha, tujaze." Mwenye gari analipa, anaondoka, na akifika kwenye foleni ya feri Likoni, hewa inarudi kuwa ya moto.

Ndugu msomaji, gesi ya AC haichomwi kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikiwa inakwisha kila msimu, kuna mahali inavuja, na kujaza bila kuziba ni kutia maji kwenye pakacha. Lakini mara nyingine gesi haina kosa lolote.

Sikiliza dalili. Iwapo AC inapoza vizuri ukiwa mbioni kwenye barabara ya Malindi, kisha inakuwa vuguvugu ukisimama kwenye foleni, mshukiwa wa kwanza ni feni. Mbele ya rejeta kuna kondensa, ambayo hutoa nje joto ambalo gesi imelibeba kutoka ndani ya gari. Gari likienda, upepo wa barabarani huipoza. Likisimama, kazi yote hubaki kwa feni. Feni isipozunguka, presha ya gesi hupanda na swichi ya presha huzima kompresa ili isiharibike.

Hapo ndipo penye hatari. Katika magari mengi, feni hiyo hiyo ndiyo inayopoza rejeta. AC inayoshindwa kwenye foleni yaweza kuwa onyo kwamba injini nayo inakaribia kuchemka. Ikichemka, gasketi ya hedi huungua, na hedi yenyewe hupinda. Bei ya feni haikaribii gharama hiyo.

Kuipima ni rahisi. Gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa, fungua boneti, washa injini, kisha washa AC. Kwa magari mengi feni huanza kuzunguka papo hapo au baada ya muda mfupi. Usiweke mkono karibu, na uangalie mkono wa kanzu au ncha ya mtandio. Feni ya umeme yaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Isipozunguka, fundi aanze na fyuzi, kisha relei, kisha soketi ya waya. Chumvi ya bahari hula sana vichwa vya nyaya huku kwetu. Halafu, kwa feni ya kawaida ya nyaya mbili, aipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka, mota ni nzima na tatizo liko kwenye relei, sensa au nyaya. Ikikataa, mota imekufa. Usikubali afunge waya wa moja kwa moja usio na fyuzi na kuuacha hivyo, kwani waweza kuleta moto.

Iwapo feni ni nzima na AC bado haipozi, tazama kama kondensa imeziba kwa vumbi au karatasi za nailoni. Hewa ikitoka kwa unyonge, angalia kichujio kilicho nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Baada ya hapo ndipo gesi ipimwe na pahali panapovuja patafutwe. Chini ya boneti huwa na kibandiko kinachotaja aina ya gesi, kwa kawaida R134a au R1234yf, pamoja na kiasi chake kwa gramu. Fundi ajaze kwa mizani, asikisie.

Na geji ya joto ikianza kupanda ukiwa foleni, zima AC, washa hita kwa nguvu zote, toka kando na uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Maji yake yanaunguza vibaya.

Fundi mzuri hatakasirika ukimwambia, "Nionyeshe feni ikizunguka kwanza."