Nyumba yenye magurudumu: siku tatu na watoto huko Bowling Green

Wengi wenu mlituuliza juu ya picha ya ile motokari kubwa yenye dirisha la jikoni. Haikununuliwa, ilikodishwa.

Sisi tunakaa Bowling Green, mji mdogo wa jimbo la Kentucky, kusini mwa Marekani. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta wakaaji 72,294. Wakongomani ni wengi hapa, Kiswahili unakisikia hata dukani. Lakini wengi wetu tunajua njia mbili tu: ya kazini na ya kanisani. Watoto wanafundishwa shuleni habari za pango kubwa lililo karibu, na sisi wazazi hatujalitia mguuni.

Basi jamaa mbili tuliunganisha zamu zetu za likelemba: mama wawili, koko mmoja na watoto wanne. Koko ndiye aliyeamua jambo. Miguu yake haimruhusu kutafuta choo mbali, wala hali chakula cha barabarani. Gari-nyumba lina choo, friji, jiko la gesi na vitanda. Sombe na ndagala zilipikwa nyumbani, zikapashwa moto njiani.

Kuhusu pesa, sikieni vizuri. Bei inayotangazwa ni ya usiku mmoja tu. Juu yake kuna bima, maili mtakazozidisha, saa za jenereta, usafishaji, na garanti wanayoifunga kwenye kadi yako mpaka gari lirudi. Garanti yetu ilikaribia minerval ya watoto tunaowasomesha Bukavu, na siku ya kulipa ilikuwa karibu. Tulibishana Jumapili tatu. Mwishoni tulichagua likizo fupi ya Oktoba, maana Julai bei inapanda, tukaomba jumla yote kwa maandishi kabla ya kutia sahihi. Picha tulipiga kila upande wa gari, hata chini ya meza.

Permi ya kawaida inatosha kuendesha gari la namna hiyo. Ila lina urefu wa zaidi ya mita tatu kwenda juu, kwa hiyo shofere asome kibao cha kila daraja na paa la kila kituo cha mafuta. Linakunywa pia: karibu litre 25 hadi 30 kwa kilomita 100. Watoto wote hufunga mikanda. Hakuna kulala kitandani gari likienda, hata wakililia. Katika Kentucky mtoto aliye chini ya miaka 8 ambaye bado ni mfupi hukalia kiti chake maalumu.

Kambini unachomeka umeme na bomba la maji. Maji ya choo yana tangi lake, na lazima limwagwe mahali palipowekwa, ukiwa umevaa glavu. Kazi hiyo, kama mnavyodhani, ilituangukia sisi mama.

Pango linaitwa Mammoth Cave, kama kilomita 50 kutoka mjini. Njia zake zilizokwisha kupimwa zinapita kilomita 680, na hakuna pango lingine linalojulikana duniani lenye urefu huo. UNESCO iliiweka mbuga hiyo katika urithi wa dunia mwaka 1981, miaka miwili baada ya Virunga yetu. Kuingia mbugani ni bure. Kushuka pangoni kunalipiwa, na tiketi huisha mapema. Chukueni koti, ndani ni kama digrii 13 mwaka mzima.

Koko hakushuka, ngazi ni nyingi. Alibaki juu kwenye njia laini inayopita makaburi ya waongozaji wa zamani. Hapo amelala Stephen Bishop, mtumwa mweusi aliyeletwa mwaka 1838, angali kijana. Alivuka shimo ambalo wengine waliliogopa, na mwaka 1842 alichora ramani ya pango kwa kumbukumbu ya kichwa chake. Alipewa uhuru mwaka 1856, akafa mwaka uliofuata. Mtoto wetu wa miaka tisa aliuliza: «Aliyajua mashimo yote, kwa nini hakukimbia?» Koko akajibu: «Mke wake na mtoto wake walikuwa huku nje.» Tulinyamaza kidogo. Koko mwenyewe anajua kukimbia ni nini.

Siku ya mwisho tuliacha gari kambini, tukaenda kwa gari la rafiki hadi jumba la makumbusho ya Corvette. Mwaka 2014 ardhi ilizama humo usiku, ikameza magari manane. Watoto walifurahia shimo hilo kuliko magari yenyewe.

Garanti ilifunguliwa siku ya tisa. Minerval ilikwenda Bukavu kesho yake.